Bodi Inang'aa, Chasisi Inaoza

Ndugu wafanyikazi, katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, likizo na nyumba za kambi. Leo tunaomba nafasi tuzungumze habari za chuma. Sisi ni mafundi wa gereji katika shamba moja la chai huku Toro, magharibi ya Uganda, na wote ni wanachama. Chuma tunachotaka kukizungumza ni chasisi ya Land Rover pikapu ya zamani. Tunaandika kwa sababu kila siku ya kazi, kabla jua halijatoka, watu hupanda juu ya chuma hicho kwenda kuchuma, na hakuna anayewaambia kiko katika hali gani.

Land Rover za namna hii bado zipo katika mashamba mengi. Huko Ulaya zimekuwa magari ya fahari. Watu wanazinunua kwa bei kubwa, wanazisugua, wanazipaka rangi na kuzipeleka kwenye maonyesho siku za Jumapili. Kwetu hazijastaafu. Zinavuta trela la majani, zinabeba mbolea, zinampeleka mgonjwa hospitali usiku, na zinabeba watu. Basi mambo ambayo kwa tajiri wa Ulaya ni mchezo wa mapumziko, kwetu ni kazi ya kuokoa miguu na migongo ya wenzetu.

Kwanza tueleze gari lenyewe lilivyo, maana ubaya wake umejificha katika uzuri wake. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma kiligawiwa viwanda kwa kibali cha serikali. Lakini aluminiamu, iliyokuwa ikitumika kutengenezea ndege za vita, ilipatikana. Kampuni ya Rover ikaamua kwamba sehemu kubwa ya bodi itakuwa ya aluminiamu, na chuma kitumike pale kisipokwepeka, yaani kwenye chasisi na ukuta ulio kati ya injini na dereva. Mashine kubwa za kukandamiza chuma zilikuwa ghali, kwa hiyo chasisi haikukandamizwa. Walichukua mabamba manne marefu, wakayalehemu kingo kwa kingo mpaka yakawa kama sanduku refu jembamba. Masanduku mawili ya namna hiyo yanakwenda sambamba kutoka mbele hadi nyuma, na vyuma vya kukingama vinayaunganisha kama ngazi iliyolazwa chini.

Muundo huo ni imara. Bamba lenyewe ni jembamba, kama milimita 2 tu, lakini likishakuwa sanduku linabeba mzigo mkubwa na kuvumilia mashimo ya barabara. Tatizo ni kwamba sanduku lina utupu ndani. Magurudumu yanarusha matope, matope yanaingia kwenye vitundu, yanatua chini na kukaa. Vitundu vya kutolea maji vinaziba. Mvua ya huku kwetu inaleta maji mengine juu ya yale. Kwa hiyo kutu inaanza ndani na kula kuelekea nje. Siku unapoona kitundu cha kwanza kwa nje, jua kwamba bamba limekwisha liwa miaka mingi.

Na bodi? Aluminiamu haishiki kutu nyekundu. Gari la miaka 40 au 50 likioshwa na kupakwa rangi ya kijani linaonekana zima kabisa. Meneja anaona rangi. Nyapara anaona rangi. Askari wa barabarani naye anaona rangi. Anayeona chasisi ni yule anayelala chini ya gari akiwa na nyundo mkononi, na huyo mara nyingi hana sauti ofisini.

NYUNDO INAPOLIA BUBU

Gari letu ni pikapu ya Series III ya mwaka 1974, ile ndefu ya inchi 109. Inchi hizo hupimwa kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma. Mwezi wa Machi 2022 tuliletewa agizo kutoka ofisi ya usafiri: wageni wa makao makuu wanakuja, gari lizibwe tundu moja nyuma, lipakwe rangi, lirudi kazini baada ya siku mbili.

Tuliliosha kwanza kwa maji ya nguvu, tukaliinua na kuliweka juu ya stendi za chuma. Hapa tuwakumbushe vijana: jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Usiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake, hata kama ni kwa dakika moja ya kuokota spana.

Kisha tukapita na nyundo ndogo, shubiri kwa shubiri. Chuma kizima hulia kama kengele ndogo. Chuma kilicholiwa hulia bubu, kama unapiga gogo lenye mchwa. Palipolia bubu tukasukuma bisibisi. Kwenye chuma cha kukingama cha nyuma, kile kinachoshika kulabu ya trela, bisibisi ilizama mpaka mpini. Mikono ya pembeni inayotoka kwenye chasisi kushika ukuta wa dereva, miwili ilikuwa imebaki rangi na lami tu. Ubaya zaidi ulikuwa upande wa kushoto nyuma, pale springi inapofungwa kwenye chasisi. Hapo tulikuta kiraka juu ya kiraka juu ya kiraka, vitatu, na kila kimoja kimepakwa lami ili kisionekane. Kiraka kilichobandikwa juu ya kutu hakizuii kutu. Kinaifungia ndani pamoja na maji, na kutu inaendelea na kazi yake mahali pa giza.

Kwa wasiojua gari, mahali hapo ni kama nyonga ya mtu. Uzito wote wa nyuma unapita pale kwenda kwenye springi, halafu kwenye ekseli na gurudumu. Pakikatika gari likiwa linateremka na watu, ekseli inasogea upande mmoja, gari linageuka bila usukani kuguswa, na paipu ya breki inaweza kung'oka hapo hapo.

Tulikataa kuandika "sawa" katika kitabu cha gereji.

Mkubwa wa usafiri alikasirika. Alisema gari hilo limetembea miaka yote hiyo, litatembea na mwaka huu. Ni hoja tuliyoisikia mara nyingi, na haina maana, kwa sababu kila gari lililowahi kukatika lilikuwa limetembea mpaka siku lilipokatika. Tukaambiwa tunaharibu kazi kwa makusudi. Katibu wa tawi akaomba kuonana na meneja mkuu. Hakwenda na maneno mengi. Alikwenda na kipande cha bamba tulichokitoa kwenye ile nyonga, amekifunga katika gazeti, akakiweka mezani, kisha akakivunja kwa vidole viwili kama anavunja biskuti.

Alikumbusha pia mambo mawili ambayo kila tawi linafaa kuyajua. Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema mfanyikazi anayejiondoa katika kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa iliyo karibu ya maisha au afya yake, alindwe asidhurike kwa kufanya hivyo. Na Mkataba nambari 184 wa mwaka 2001, ulio wa usalama katika kilimo, unakataza mitambo ya shamba kutumiwa kubebea watu kama haikutengenezwa au kurekebishwa kwa kazi hiyo.

Kwa haki tuseme kwamba meneja mkuu alikuja gereji mwenyewe, akainama katika shati lake jeupe, akapiga nyundo. Alipotoka chini ya gari hakubishana. Ilikubaliwa gari lisibebe watu mpaka chasisi itengenezwe, shamba likodi lori la kubebea wachumaji, na sisi tupewe wiki sita. Rangi ya wageni ilipakwa kwenye gari jingine.

KUKATA AU KUTUPA

Swali la kwanza la kila chasisi iliyooza ni hili: itengenezwe au itupwe? Siku hizi kuna viwanda huko Uingereza vinavyotengeneza chasisi mpya za Land Rover za zamani, na nyingi huchovywa nzima katika zinki iliyoyeyuka, yenye joto kama digrii 450. Ni dawa ile ile inayopakwa bati la nyumba. Zinki inaingia mpaka ndani ya sanduku, na hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko rangi yoyote. Tuliomba ipelekwe hesabu ya bei. Ilipojumlishwa na meli na ushuru, kampuni ikakataa.

Ya pili ni kuchukua chasisi ya gari jingine lililokufa. Hapa mjihadhari. Kwenye Series III nambari ya chasisi imepigwa mbele upande wa kulia, kwenye kishikio cha springi. Ukibadilisha chasisi, nambari imebadilika, na ofisi ya usajili wa magari lazima ijulishwe. Fundi anayekata nambari ya gari moja na kuilehemu kwenye gari jingine, hata kama ameagizwa na mkubwa wake, yeye ndiye atakayeulizwa polisi.

Ya tatu ni kukata kilichooza na kuweka kipya. Tuliona inafaa, kwa sababu nusu ya mbele ya chasisi yetu ilikuwa inalia vizuri, na kuoza kulianza nyuma ya giaboksi. Kama ingekuwa imeoza mbele na nyuma, au imepinda kwa ajali, tungeomba itupwe, na tungeshikilia hivyo.

Bodi ya nyuma ya pikapu hii hufungwa kwa bolti tu. Tulizifungua, nyingi kwa kuzikata, na watu sita wakaibeba na kuiweka pembeni. Tulitoa tangi la mafuta, ambalo katika gari hili liko chini ya viti vya mbele, tukalipeleka nje mbali. Tukaondoa betri. Haya yote ni kabla ya cheche ya kwanza ya grainda. Tumesikia mafundi wanaolehemu karibu na tangi baada ya kuliwekea gunia bichi. Gunia bichi halizuii mvuke wa petroli.

Kabla ya kukata tulipima, na hapa ndipo kazi nyingi za gereji zinapoharibika. Chasisi ikikatwa bila kushikiliwa inalegea na kupinda kwa uzito wake mwenyewe. Kwanza tuliilaza juu ya stendi mpaka pima-maji ikakubali pande zote. Tukafunga vyuma vya pembe kutoka upande hadi upande. Kisha tukateremsha timazi kutoka kwenye kila tundu la springi mpaka kwenye sakafu ya saruji, tukatia alama ya chaki, na kupima kwa mshazari: kutoka mbele kulia hadi nyuma kushoto, na kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia. Vipimo viwili vikilingana, chasisi iko mraba. Vyetu vilitofautiana milimita 4. Tulifurahi, maana kwa gari la umri ule tulitegemea ubaya zaidi. Alama zile za chaki tulizizungushia rangi zisifutwe na wafagiaji, zikakaa wiki zote sita.

Mabamba mapya tulikunjiwa na mafundi wa Katwe, Kampala, kwa vipimo tulivyowapelekea. Tulichagua unene ule ule wa milimita 2. Wengine walitushauri tutumie bamba nene mara mbili ili "isirudie tena". Ushauri huo si mzuri. Chasisi inanyumbuka kidogo barabarani, ndivyo ilivyokusudiwa. Ukiunganisha bamba nene na bamba jembamba, lile nene halinyumbuki, na mnyumbuko wote unakusanyika kwenye kiungo. Baada ya miezi ufa unaanza hapo, kando ya mshono mzuri uliojivunia.

Kwa sababu hiyo hiyo hatukukata chasisi wima kama mtu anayekata mkate. Tulikata kwa mshazari, ili mshono usikae mahali pamoja juu na chini. Ndani ya kiungo tuliingiza kipande cha kushikilia pande zote mbili, na mabamba ya kuongezea nguvu kwa nje tuliyachonga ncha mbili kama umbo la almasi. Hayakukatwa mraba, kwa kuwa mshono unaosimama wima kukatiza mhimili ni mwaliko kwa ufa. Na kila tulipokata, tulirudi nyuma mpaka chuma kinacholia. Kama bamba linatoboka unapolilehemu, bado uko kwenye kutu, kata tena.

Kulehemu kulifanywa vipande vifupi vifupi, kulia kidogo, kushoto kidogo, tukingoja chuma kipoe. Joto linavuta chuma. Ukikimbia upande mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, utakuta umetengeneza ndizi. Kila jioni timazi iliteremshwa, na mara mbili tulilazimika kusimama na kuirudisha chasisi mahali pake kwa jeki kabla ya kuendelea.

Kuna jambo la kazi hapa tusiloweza kulinyamazia. Vijana wawili waliolehemu mshono wa nyonga, kazi ambayo maisha ya watu wote wa nyuma yanautegemea, walikuwa wameandikwa vibarua wa siku. Hawakuwa na glavu za ngozi wala kinyago kizima mpaka wiki ya tatu, baada ya tawi kuandika barua. Vishikio vya springi vya kununua vilikuja vimepakwa zinki, na zinki ikichomwa inatoa moshi mweupe. Ukiuvuta, jioni unapata homa, baridi na maumivu ya viungo kama malaria. Isugue zinki mpaka chuma kionekane kabla ya kulehemu, fanyia kazi mahali penye upepo, na ukipata homa hiyo umwambie daktari umefanya kazi gani, asije akakupa dawa ya ugonjwa mwingine. Vijana wale sasa wameandikishwa kwa mtihani wa ufundi, na tawi linadai wakishapata cheti wapandishwe daraja. Jibu bado halijatoka.

Baada ya kulehemu ilibaki vita na kutu. Zinki ya kuchovya hatukuwa nayo, tukatumia rangi ya msingi yenye unga wa zinki, mikono miwili, halafu rangi nyeusi ngumu. Kwa ndani tulipuliza nta iliyoyeyushwa na mafuta safi. Wengi hutumia oili chafu ya injini. Inasaidia chuma, lakini ngozi ya mtu inadhurika, kwa sababu oili iliyokwisha tumika inaweza kuleta kansa ya ngozi ikizoea kukugusa. Vitundu vya kutolea maji vilifunguliwa vyote, na dereva amepewa waya wa kuvizibua kila Jumamosi. Na kati ya bodi ya aluminiamu na chasisi tuliweka mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gurudumu la lori, kwa kuwa aluminiamu na chuma vikigusana penye maji, aluminiamu inaliwa.

KUONGEZA NGUVU, LAKINI WAPI?

Gari likiwa wazi hivyo, kila mtu alikuwa na shauri la kuliboresha. Ofisi ya usafiri ilitaka springi ziongezwe vyuma viwili kila upande ili gari libebe zaidi. Tulieleza hivi: springi ngumu haiipi chasisi nguvu. Inaondoa mto. Pigo lile lile la shimo lililokuwa likinyonywa na springi sasa linapanda moja kwa moja kwenye ile nyonga tuliyoitengeneza. Tuliweka springi mpya za kawaida na bushi mpya, basi. Kuna springi za kisasa zenye vyuma vichache, vinene katikati na vyembamba nchani, ambavyo havisuguani na ambavyo hutuliza sana mgongo wa abiria. Ni nzuri, lakini lazima zinunuliwe za daraja la mzigo mzito, na hatukuzipata za daraja hilo.

Wengine walitaka injini ya dizeli yenye tabo, kwa kuwa injini ya petroli ya lita mbili na robo ina nguvu ya farasi kama 70 tu na inakunywa sana. Sisi hatuchukii dizeli. Lakini tazama kiwanda chenyewe kilivyofanya. Mwaka 1983, Land Rover walipotoa gari la One Ten, waliweka springi za koili na breki za diski kwenye magurudumu ya mbele, juu ya chasisi iliyoundwa upya kupokea mambo hayo. Hawakuongeza mwendo peke yake. Anayechukua injini ya nguvu zaidi ya farasi 100 na kuiweka juu ya breki za ngoma za zamani amefanya nusu ya kazi, nusu ile isiyosimamisha gari.

Fedha kidogo iliyobaki tuliomba yote iende kwenye breki. Gari letu lilikuwa na masta silinda ya mzunguko mmoja. Maana yake paipu moja ikipasuka, gurudumu lolote, oili yote inatoka na magurudumu yote manne yanakosa breki. Kwenye vilima vya chai hiyo ni hukumu. Tulipata sokoni Kisekka masta silinda ya vyumba viwili, ya Series III za baadaye, tukavuta paipu mpya kutoka mwanzo hadi mwisho. Sasa ikipasuka ya nyuma, za mbele zinabaki. Brekishu za zamani zilitolewa zikiwa zimeloweshwa maji, kwa kuwa nyingi za enzi hizo zina asbesto. Vumbi lake lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo, likusanywe likiwa bichi na kufungwa katika mfuko.

Kisha likaja jambo la abiria. Zamani wachumaji walisimama nyuma wakishika bomba lililofungwa kwenye aluminiamu kwa skrubu ndogo. Bomba hilo lilikuwa la kudanganyia mkono. Sasa fremu ya paa, mabenchi na vyuma vya kushikia vimefungwa kwa bolti zinazopita kwenye bodi mpaka kwenye vishikio vilivyolehemiwa kwenye chasisi yenyewe. Hesabu ya watu ilizua mabishano marefu. Ofisi ilitaka 18. Tulipiga hesabu mbele yao: watu 18 wa kilo 60 ni kilo 1,080, bado vikapu, bado fremu na mabenchi, na pikapu hii kwenye barabara mbaya haifai kubebeshwa tani moja. Mama zetu wachumaji wakasema wao wenyewe, bila kuulizwa, kwamba watu wakizidi 12 mabenchi hayatoshi na wengine watakaa ukingoni. Ikaandikwa 12, kwa rangi nyeupe, mlangoni pande zote mbili, na majani ya chai hayapandi pamoja na watu.

Wiki ya sita tulilijaribu. Hatukupakia watu. Tulipakia mifuko ya mchanga ya kilo 800, tukalipeleka mteremko wa mtoni mara kumi, tukilisimamisha katikati ya mlima kila mara. Likarudi juu ya alama zile za rangi sakafuni, timazi ikateremshwa. Mishazari haikusogea hata milimita. Baada ya kilomita 500 bolti za umbo la U zinazoshika springi zilikazwa tena, kwa sababu springi mpya hujikandamiza na bolti hulegea.

Meneja mkuu amekubali kitabu cha gereji kiwe na ukurasa wa chasisi kwa kila gari linalobeba watu: nyundo kila miezi mitatu, jina la fundi, sahihi, na nafasi ya kuandika "lisibebe watu". Neno hilo likiandikwa, ni fundi peke yake anayeweza kulifuta baada ya kazi kufanyika, si ofisi ya usafiri. Matawi yanayotaka ukurasa huo yaombe kwa katibu, tutawapigia nakala.

Gari la pili kupigwa nyundo lilikuwa ile Land Rover inayovuta tangi la maji. Mbele linalia vizuri. Chuma cha nyuma kinalia bubu, na tumekwisha kuandika.